Orodha ya Mikumi

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Nimerudi kutoka Mikumi mikono mitupu. Njia yote ile, vumbi mpaka kwenye kope, na sikupata hata kidonge kimoja!

Dada wa mapokezi pale kliniki kakaa mbele ya kompyuta anaitazama tu, mikono kaiweka mapajani. Kioo chote chekundu. Maandishi meupe, Kiingereza kitupu. Nikamuuliza kuna nini. Akasema mfumo umetekwa. Umetekwa? Kama basi? Ndiyo mama, kama basi. Kuna watu wameingia humo kupitia mtandao, wamefunga kila kitu, na mafaili yote sasa wanayo wao. Wanataka wenye mradi wa kliniki wawalipe. Wasipolipwa, watayamwaga hadharani.

Nikauliza, mafaili yapi? Swali la kijinga. Kliniki ile ina mafaili ya aina moja tu, ya sisi wenye virusi.

Tulikuwa kama thelathini kwenye yale mabenchi. Hakuna aliyepiga kelele. Tungepigaje kelele? Sisi wote tumetoka mbali makusudi. Watu wa Kilosa tunafuata dawa Mikumi, watu wa Mikumi wanafuata Kilosa, wengine wanakwenda hadi Morogoro, ili mradi mtu wa mtaani kwako asikuone umeshika kile kichupa cheupe. Tunalipa nauli kwa ajili ya siri, miaka nenda miaka rudi. Halafu wataalamu wakaja, wakazikusanya siri zetu zote, wakazitia kwenye mashine moja, na mlango wakauacha wazi!

Zamani mafaili yalikaa kwenye kabati la chuma. Ufunguo alikuwa nao nesi mmoja mnene, mkali, anaufunga kwenye pindo la kanga kiunoni. Mwizi angetaka siri zetu ingembidi apambane na yule mama kwanza. Nilimcheka sana siku zile kwa ukali wake. Leo nimemkumbuka.

Nimebakiwa na vidonge vya siku kumi na mbili. Wamesema turudi Alhamisi ya wiki ijayo, watagawa kwa daftari.

Jumanne, 5 Agosti

Redioni leo wamemleta mtaalamu. Sauti nzuri, mpole. Anasema ugaidi wa mtandao ni tishio kwa jamii ya kisasa — mabenki, umeme, maji, hospitali, vyote vinaweza kusimamishwa na mtu aliyekaa chumbani kwake nchi nyingine. Anawashauri wananchi wabadilishe nywila zao mara kwa mara.

Nywila yangu ipi? Mimi nina cherehani! Sijawahi kuigusa ile kompyuta. Walioandika habari zangu humo ni wao, waliozipoteza ni wao, halafu mimi ndiye nibadilishe!

Costancia alikuwa anasikiliza pia. Yeye ndiye fundi mwenzangu hapa kibarazani, mashine zetu zinatazamana. Kasema haya ni mambo ya wakubwa, na mtu asiye na cha kuficha anaogopa nini. Kasema hivyo huku anatia uzi kwenye sindano, wala hakuniangalia. Nikaikata sare ya shule ya mtoto wa watu fupi inchi mbili. Itabidi ninunue kitambaa kingine.

Jumatano, 6 Agosti

Watekaji wametoa muda. Mpaka Ijumaa saa sita mchana. Habari imeenea mji mzima, watu wanaizungumza kama mechi ya mpira.

Ngoja niandike hapa, maana ni hapa tu ninapoweza kusema.

Mimi simo kwenye mafaili ya Mikumi. Yaani nimo — lakini siyo Odilia. Mwaka 2016, siku ya kwanza naingia pale, nesi kaninyooshea kalamu: jina? Asubuhi ile nilikuwa nimetokea Masanze kwa mdogo wangu Yeremia. Kanga ya mkewe ilikuwa begani kwangu, kaniazima kwa ajili ya vumbi. Nikafungua mdomo likatoka jina la mwenye kanga. Joyce Emanueli Chilongani, wa Masanze.

Wifi yangu! Mtu ambaye hajawahi kunikosea hata kwa neno. Sikumchagua kwa chuki, Mungu anajua. Lilitoka lile lililokuwa karibu na moyo. Nikasema nitarudi kulirekebisha. Wakaniandikia kadi. Wakafungua faili. Baadaye ikaja kompyuta, wakanipiga na picha, wakauliza, majina yako ni haya haya mama? Nikasema ndiyo. Miaka tisa Mikumi naitwa Joyce, na naitika.

Wengi pale wamefanya hivyo. Yupo mwanamume anajiita jina la mwalimu wake wa darasa la nne. Lakini mwalimu wake ameshakufa. Joyce wangu yuko hai, analima, ana watoto watatu.

Ijumaa, 8 Agosti

Wameitoa.

Saa saba kasoro simu ya Costancia ikalia, ikalia tena, ikawa hainyamazi. Nanenane, sikukuu, watu wako nyumbani na simu zao mikononi. Magrupu yote — la kanisa, la VICOBA, la wazazi wa shule! Majina mia mbili na kumi na mawili. Jina, kijiji, tarehe aliyoanza dawa. Wameyapanga vizuri kabisa, kwa jedwali lenye mistari.

Costancia akayasoma kwa sauti. Akisoma anacheka, anaguna, anasema eee jamani, kumbe na huyu. Mteja mmoja akaja kuchukua gauni lake akasahau gauni, akasimama kusikiliza. Namba kumi na saba ni Namayiana. Yule mama wa Kimasai anayeleta maziwa sokoni Jumamosi. Mikumi huwa tunakaa benchi moja, hapa Kilosa tukikutana hatujuani. Ndivyo wote tunavyofanya.

Namba themanini na nane.

Costancia akanigeukia. Kasema, Odilia, huyu si wifi yako wa Masanze?

Nikasema sijui.

Sijui! Ndilo neno lililotoka. Ningeweza kusema siyo yeye, ni uongo, nakuapia. Ningeweza kumpokonya ile simu. Nimesema sijui, na kwa Costancia sijui ni sawa na ndiyo. Kabla sijafunga kibaraza alishapiga simu mbili.

Nina hasira mpaka meno yananiuma. Hao watekaji hawajui Masanze iko wapi. Hawajawahi kumwona Joyce akipepeta mpunga. Wamebonyeza kitufe, wakaenda kula. Lakini hao walioanza tu ndio wa mbali. Waliosambaza ni sisi. Nimehesabu, orodha ile ile imeingia kwenye simu yangu mara kumi na nne, na kila aliyeituma kaandika juu yake: isambaze, tuokoe jamii.

Jumamosi, 9 Agosti

Sokoni. Namayiana kaja na madumu yake ya maziwa kama kila Jumamosi. Kayapanga. Kakaa. Mtu hakusimama. Wateja wake wa miaka yote wanapita upande wa pili kama vile kuna dimbwi. Eti maziwa! Watu wazima, wamesoma, watoto wao wamefundishwa shuleni jinsi ugonjwa huu unavyoambukizwa na jinsi usivyoambukizwa — leo wanaogopa maziwa!

Na mimi? Mimi ninayejua kuliko wote? Nilikuwa na chupa yangu ya maziwa kwenye kikapu. Nikapita upande wa pili.

Mchana kaja kibarazani. Madumu bado yamejaa. Kasimama mbele ya cherehani yangu, kainama, kasema taratibu kwa sauti ya hospitalini, "Pole, Joyce. Wamekuandika na wewe."

Nikamwambia kwa sauti kubwa, mama, umenifananisha. Akanitazama. Haikuwa kwa ubaya. Akasema samahani, akabeba mizigo yake akaenda.

Costancia kauliza, kakuitaje yule? Nikasema hata sikumsikia vizuri. Akarudi kwenye mshono wake. Lakini mguu wake ulikuwa haukanyagi mashine, nilisikia.

Jumapili, 10 Agosti

Yeremia kapiga simu baada ya ibada. Shikamoo dada. Marahaba. Halafu nasikia kuku tu.

Jana kulikuwa na msiba kijijini kwao. Joyce ndiye mpishi wa misiba yote ya pale, sufuria kubwa haziinuki bila yeye. Kafika na mwiko wake mkononi. Wanawake wakamwambia apumzike, leo watapika wao. Kwa upole kabisa. Akakaa chini pembeni. Wakamletea sahani ya kwake peke yake, na walipomaliza kula, ile sahani haikuoshwa pamoja na zingine.

Yeremia anauliza mimi nafikiri nini. Dada, wewe una akili, umekaa mjini. Nikamwambia ni uongo. Akasema, kama ni uongo, mbona jina lake lote lipo, mpaka la ukoo? Nani angelijua la ukoo?

Nikasema nakuja.

Jumanne, 12 Agosti

Nimetoka Masanze sasa hivi. Nikiacha kuandika nitavunja kitu.

Joyce kapimwa. Siyo mara moja — mara tatu! Jana zahanati, jana hiyo hiyo jioni tena kwa sababu Yeremia hakuwepo kushuhudia ya kwanza, na leo asubuhi mbele ya mumewe na shangazi yetu Magreti. Hana kitu. Mstari mmoja mara zote tatu. Kawekewa na muhuri.

Basi ingekwisha hapo? Haikwisha! Shangazi Magreti kaisoma ile karatasi, kaikunja, kasema ndiyo, hao wanaotumia dawa vizuri ndio hawaonekani kwenye kipimo. Kasikia redioni. Wanasema virusi havionekani. Kwa hiyo asipoonekana ndiyo kwanza anazitumia! Na wote mle ndani wakatikisa vichwa. Yeremia naye!

Nimemwona Joyce akimtazama mumewe. Mpaka nakufa sitasahau.

Wamekamata neno moja la kweli wakalipindua. Virusi hufichika kwenye kile kipimo kikubwa cha damu cha kuvihesabu. Kipimo cha kidole hakidanganywi na dawa. Mtu mwenye ugonjwa akitumia dawa miaka tisa bila kukosa, bado mistari ni miwili. Najua kwa sababu ni yangu! Nikajikuta naongea. Nikasema, Shangazi, siyo hivyo, kipimo cha kidole kinamwonyesha hata anayetumia dawa.

Shangazi akaniuliza, wewe umejuaje?

Aliuliza hivi hivi tu, hakunishuku. Kila nilichotaka kusema kilianzia na mimi. Nikasema nimesikia tu. Akasema basi na mimi nimesikia, ya redioni.

Joyce kanisindikiza mpaka barabarani. Hakulia. Kaniuliza kama magauni ya kwaya yameisha. Nikasema bado mikono. Akasema usiyaache mpaka dakika za mwisho wifi, unajua macho yako. Nikapanda pikipiki.

Nimefika hapa nakuta tangazo jipya la wale washenzi. Bado hawajalipwa. Sasa watatoa picha. Kila jina na sura yake. Jumapili hii, saa nane mchana.

Jumatano, 13 Agosti

Sura yangu na jina la Joyce chini yake.

Sijashona kitu leo.

Alhamisi, 14 Agosti

Mikumi. Benchi la watu thelathini tulikaa kumi na mmoja. Wengine wako wapi? Nesi anapiga simu, hazipokelewi. Kuna mama wa kijiji cha Ulaya amemrudishia vichupa vyake kupitia kwa dereva wa bodaboda, kasema hataki tena kuonekana na kitu. Ataugua! Ataugua na kufa, na wale watu hawatahesabu kama wameua. Redioni wanasema hasara ni ya mfumo. Mfumo!

Namayiana alikuwepo. Kakaa palepale petu. Nilitaka kukaa mbali, miguu ikakataa.

Nikamwambia nisamehe kwa Jumamosi. Akasema haidhuru. Maziwa aliyagandisha, wakala nyumbani.

Nikamuuliza kwa nini hakujitafutia jina lingine siku ile ya kwanza. Sisi wote tumebadilisha. Akashangaa kweli kweli. "Jina nimepewa na mama yangu," kasema. "Nikisema lingine, daktari anamtibu nani?" Mume wake Koileken alitaka aandike la dada yake aliyeolewa Kiteto. Akamjibu, na dada yangu nimwambie nini?

Nikasema, mimi siitwi Joyce. Naitwa Odilia.

Sijui kwa nini nimemwambia. Ni mtu wa kwanza. Akalirudia taratibu, Odilia, kama anaionja chumvi. Halafu akauliza sasa Joyce ni nani. Nesi akaita jina langu — lile la kadi — na nikanyanyuka kwenda kuchukua dawa. Niliporudi hakuuliza tena. Kanisogezea mfuko wangu tu.

Ijumaa, 15 Agosti

Wamekaa kikao Masanze. Nimeitwa.

Kimeisha haraka. Hakuna aliyetukana mtu. Shangazi Magreti kaongea kwa heshima yote: Joyce ni mke mwema, kazi zake tumeziona. Lakini picha zinatoka Jumapili, na ukoo usiwe na aibu ya kukutwa naye ndani. Aende kwao Mamboya akapumzike. Watoto wabaki. Watoto wabaki! Mdogo ana miaka minne.

Joyce akaombwa aseme. Akasema, "Picha yangu haipo humo." Sentensi moja. Shangazi akasema basi tutaona, na ikiwa haipo tutakuja kukuchukua kwa ngoma. Kama vile mtu ni ndoo, unaipeleka na kuirudisha!

Yeremia hakuinua macho. Nilitaka kumpiga kofi, mdogo wangu niliyembeba mgongoni.

Halafu ikaja ya msafara. Kwetu aliyemleta mke ndiye anayemrudisha, na ndiye anayesimama mbele ya wazazi wake kueleza sababu. Haitumwi simu, hatumwi kijana. Miaka kumi na sita iliyopita Mamboya nilikwenda mimi, dada wa mume. Nilisimama nikawaambia binti wa nyumba hii sasa ni wetu, tutamtunza. Wakanishangilia.

Shangazi kasema, Odilia, utampeleka kesho.

Nilikuwa na nafasi. Wote wamenigeukia, wananisubiri mimi. Joyce naye ananitazama. Ilikuwa ni kufungua mdomo tu.

Nikasema sawa Shangazi.

Nimewatukana wale wa mtandao wiki mbili humu ndani. Nimemtukana Costancia, nimemtukana Yeremia. Leo sina wa kumtukana. Kuna mtu ameiba jina, akalitumia miaka tisa, na walipokuja kumwadhibu mwenye jina akasema sawa Shangazi. Hakutumia hata kompyuta.

Jumamosi, 16 Agosti

Naandikia Dumila, stendi. Gari la kupanda Mamboya bado halijajaa. Joyce kaenda kununua nyanya za kumpelekea mama yake. Anapelekwa kwao kwa aibu, na bado anachagua nyanya, anazibonyeza moja moja!

Tangu asubuhi hatukuongea. Kilosa hadi hapa kaegemea dirisha. Tuliposhuka kaniletea chai na chapati, kasubiri nimalize, halafu kasema:

"Wifi, dawa zako umezibeba? Kule juu hakuna."

Nikadhani nimesikia vibaya. Nikamtazama. Alikuwa anaikunja kanga yake.

Nikasema dawa gani. Akasema, "Basi, dada. Inatosha."

Anajua. Tangu Krismasi ya 2018, alinikuta jikoni kwake nameza, nikasema ni za presha. Alifagia kesho yake akakuta kile kikaratasi cha ndani ya kichupa. Akakitia motoni. Hakumwambia hata Yeremia. Miaka yote ile, mboga zangu akiniwekea kando bila pilipili, akinizuia kwenda msibani mvuani, nikidhani ni mapenzi tu ya wifi. Kumbe ananitunza! Na jina lake lilipotokea kwenye orodha, kasema hakuchukua hata dakika. Nani mwingine wa nyumba ile anakwenda Mikumi kila baada ya miezi mitatu na hana ndugu Mikumi?

Nikamuuliza kwa nini hukusema. Kwenye kikao, mbele ya wote, ungesema tu.

Kanijibu polepole, na hapo ndipo nilipoona jinsi alivyokasirika. "Ningesema, ningekuwa nani? Mke aliyekamatwa, anamsingizia dada wa mumewe. Wangenifukuza na wewe wangekupa pole." Kisha kasema, "Nilikusubiri. Jumanne nilikusubiri, ulivyoanza kuongea habari za kipimo. Jana nikakusubiri tena."

Nikaanza kulia hapo hapo, wauza mahindi wananitazama. Hakunibembeleza. Kasema nisidhani amenisamehe. Akachukua kikapu akaenda kwenye nyanya.

Anarudi. Kachukua na vitunguu.

Jumapili, 17 Agosti — Mamboya

Baridi huku. Tumelala kwa mama yake, Mama Naomi. Kanipokea kama zamani. Shikamoo mama. Marahaba mwanangu, karibu, umekonda. Kanipa kitanda chake. Hajaulizia tumefuata nini, maana bado haijawa saa yake. Wazee wanatoka ibadani, watakuja, watakunywa chai, ndipo mzee Emanueli atauliza na mimi nitajibu. Huku mambo hayakimbizwi.

Usiku nilikuwa nimeshaamua. Picha zinatoka saa nane. Wazee wanakaa saa saba. Nitawahi kabla, nikajiambia, angalau itoke kwenye mdomo wangu na siyo kwenye simu.

Saa nne na nusu, Mama Naomi kafungulia redio wakati anamenya ndizi. Wamekamatwa! Wale watu. Nchi nyingine kabisa, wanne, na mashine zao zimechukuliwa, na kurasa zao zote zimefungwa. Msomaji wa habari kasema picha hazitatoka. Kasema taarifa za wananchi sasa ziko salama.

Niandike ukweli. Nilifurahi. Mwili mzima ulipata joto. Hazitatoka! Hakuna atakayejua, milele. Nilifurahi kwa muda wa kumenya ndizi moja, labda mbili. Kisha nikamwona Joyce mlangoni, kashika ndoo ya maji. Kaisikia na yeye. Yeye ile picha ndiyo ilikuwa shahidi wake pekee. Aliitua ndoo taratibu asimwage, akatoka nje.

Ziko salama! Za nani? Magrupu yote bado yana ile orodha. Namba themanini na nane bado ni themanini na nane. Magaidi wamefungwa na Joyce bado kafukuzwa.

Simu ikaingia ujumbe wa Yeremia: Dada, Mungu mkubwa, mambo yameisha, hakuna aibu tena. Ila Joyce akae huko kwanza, Shangazi anasema watu wasahau.

Watu wasahau nini? Jambo ambalo halijatokea?

Nimekaa jikoni kwenye kigoda, daftari juu ya magoti. Nimesikia viatu barazani, mzee Emanueli anakohoa, viti vinavutwa. Sufuria ya chai imeshapelekwa. Joyce naye kaingia, nimemsikia akiwaamkia mmoja mmoja, shikamoo baba, shikamoo baba mdogo, sauti haitetemeki. Sasa mzee anauliza yuko wapi aliyemleta binti.

Ninaandika hapa sentensi ya kwanza, ili nikifika mle ndani nisiibadilishe: Jina ni la Joyce, ugonjwa ni wangu. Ya pili siijui bado.

Mama Naomi kachungulia. Anasema njoo mwanangu, wazee wanakusubiri, na hilo daftari liache. Nimemwambia hapana, mama, naingia nalo —